Haikuwa Shafti

Mimi nauza spea. Nauza beringi, krosi, raba za injini, mafuta ya breki, na ukinikuta nimeamka vizuri nakupa na ushauri bure. Duka langu limegusana ukuta na gereji ya kaka yangu, tumbo moja, na kati yetu kuna dirisha dogo lisilo na kioo ambalo yeye hupitishia mkono akitaka kitu. Hasemi anataka nini. Ananyoosha tu vidole vyake vya grisi, na mimi najua cha kumpa kwa kusikia anachofungua upande wa pili. Tumefanya kazi hivyo tangu marehemu baba atuachie mahali hapa. Kwa hiyo haya ninayokuambia sikuyaokota kibarazani kwa watu. Na wala mimi siyo mtu wa kuona majini kila kona; ulizia mtaa huu wote, watakuambia yule dada wa spea ana mdomo mkali na hana muda wa upuuzi.

Siku yenyewe ilianza kawaida kabisa. Nilifagia, nikapanga makopo ya oili, nikagombana na mteja aliyetaka kurudisha taa aliyoivunja mwenyewe. Kifungo alikuwa miguuni pangu anachezea nati kwenye kopo la maziwa. Kifungo ni binti wa kaka. Tulimpa jina hilo kwa sababu wakati anatambaa alikuwa anaokota vifungo chini ya cherehani ya mama yake na kuvitia mdomoni, na mama yake akawa anavitoa kwa kidole huku anacheka mpaka machozi.

Mama yake, wifi yangu, alikuwa fundi wa nguo. Nyumba yao ilikuwa ya mafundi wawili, mmoja ananuka grisi, mwenzake anatembea na nyuzi kichwani, na nilikuwa nawatania kwamba iko siku watachanganya kazi, mmoja ashone injini na mwingine aipake suruali oili. Wifi hakuwa wa kunyamaza. Alinijibu kwamba nisishangae wachumba wanateleza, mikono yenyewe inashinda kwenye mafuta ya breki. Tuligombana hivyo kila siku ya Mungu, na siku akipotea nikakosa wa kugombana naye, namfuata mwenyewe.

Siku ninayokusimulia wifi alikuwa ameshafariki, na kaburi lake lilikuwa limeanza kuota majani. Mimba ilimharibikia. Damu ikakataa kukata, zahanati wakasema apelekwe hospitali kubwa, na hospitali kubwa iko mwisho wa barabara kuu. Kaka akampakia kwenye pikapu, peke yao wawili, mimi nikabaki na mtoto. Walipofika kule, waliomshusha hawakuwa na haja tena ya kukimbia. Hayo tu ndiyo niliyokuwa nayajua. Yaliyopita ndani ya gari kaka hakumwambia mtu, na sisi tulivyomwona alivyokuwa, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Tangu mazishi Kifungo alikuwa analala kwangu. Kaka alisema ni kwa muda tu, mpaka atengeneze gari, kwa sababu baada ya msiba ile pikapu ilianza kutetemeka. Mitaani inakwenda vizuri, huwezi kuilaumu kwa lolote. Ikishika barabara kuu, mshale wa spidi ukigusa tisini, mtetemo unaanza. Ukishuka chini ya tisini, kimya. Kaka akaapa kwamba mwanawe hatampakia kwenye gari la namna hiyo. Nikamwambia nyumba yako iko mtaa wa pili, mtoto anatembea, mchukue kwa miguu umlaze kitandani kwake. Akanijibu, nikimaliza gari. Nikamwambia mtoto anakuulizia. Nikimaliza gari. Ikawa hivyo asubuhi na jioni, na Kifungo naye kila akisikia injini inazimwa upande wa pili anapanda kwenye kreti, anachungulia kwenye lile dirisha dogo, anauliza, "Baba, umemaliza?"

Mimi ilikuwa inaniuma. Mtoto ameshafiwa na mama, sasa na baba naye anampotea akiwa hai, amelala chali chini ya gari.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutanielewa. Gari likitetemeka kwenye mwendo mkubwa hukimbilii spana. Unakaa, unasikiliza mtetemo unaanzia wapi. Ukiusikia mikononi, kwenye usukani, tatizo liko mbele: matairi ya mbele au viungo vyake. Ukiusikia makalioni, kwenye kiti, liko nyuma au katikati, kwenye shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Mkono mbele, kiti nyuma. Marehemu baba alitufundisha hivyo tungali wadogo, na kaka akawafundisha wengine.

Mtetemo wa pikapu ulikuwa kwenye kiti. Kaka akaanza na matairi, akampelekea Upepo ayapime. Upepo ni fundi matairi wa upande wa pili wa barabara, mtu mnene, mcheshi, anatembea na mpira wa kupimia presha shingoni kama daktari. Akayazungusha kwenye mashine yake, akabandika vile vizito vidogo vya madini ya risasi mpaka kila tairi likatulia. Pikapu ikatetemeka. Wakahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, maana kama kosa ni la tairi mtetemo lazima uhame nalo. Haukuhama. Kaka akakagua rimu kama imepinda, akafungua dramu za breki, akabadilisha beringi za nyuma. Kisha akashusha shafti.

Shafti ndiyo aliyoishikilia. Aliichora chaki kabla ya kuifungua ili airudishe vilevile ilivyokaa, akabadilisha krosi zote mbili, vile viungo vya ncha zake, akaipeleka ikapimwe, ikarudi imenyooka. Akaifunga. Kwenye tisini ikatetemeka. Akaishusha tena. Nilimpitishia krosi kwenye lile dirisha mpaka nikaanza kumficha. Nilimwambia, kaka, shafti nzima hii, iache, akaniangalia kwa macho ambayo sikuyapenda, akasema kwa sauti ndogo, "Ni shafti. Lazima iwe shafti." Magari ya wateja yalikuwa yamejipanga nje hayana wa kuyagusa.

Basi siku hiyo Upepo alijitolea apande naye, asikilize kwa masikio mengine. Walitoka jua linawaka, Upepo amekaa upande wa abiria ameweka mkono dirishani, ananipungia kama bwana harusi. Nikamcheka.

Walirudi mapema kuliko nilivyotegemea. Kaka akaingiza gari gereji. Upepo hakwenda kwake, alikuja moja kwa moja dukani, akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Utani wote ulikuwa umemtoka. Akaangalia kama Kifungo anasikia, akainamia meza.

"Dada, pale kwenye kiti pamekaliwa."

Nikamuuliza pamekaliwa na nani, mmeenda wawili. Akasema hajaona mtu. Ila walipofika tisini alihisi amemkalia mtu magotini, mtu mwembamba, na huyo mtu alikuwa anajaribu kumpisha. Upepo akasogea mpaka akamgusa kaka bega. Nguo yake upande wa mlango ilikuwa baridi, na siyo jasho, alinionyesha suruali ilikuwa kavu. Akaniomba nisimwambie mtu, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Nilitaka kumwita mwoga. Badala yake nikachukua kikombe alichonywea, nikakiosha.

Nikasikia kaka anaongea peke yake upande wa pili. Nikachungulia. Alikuwa amefika mahali kila fundi anafika akiishiwa, anapoanza kufungua hata visivyohusika. Sasa alitaka kuona fremu ya kiti. Pikapu ile ni ya zamani, ya marehemu baba, na kiti chake cha mbele ni kimoja kirefu, cha watu watatu wakibanana. Kitambaa cha kile kiti alikishona wifi, mwaka aliolewa. Kitambaa kizito cha kijani, mishono miwili miwili, kazi safi huwezi kuona ilipoanzia. Unaweza kuona tu ilipoishia, kwa sababu wifi hakukata uzi kwa mkasi hata siku moja. Aliung'ata. Nilimsema sana juu ya meno yake, akasema meno ni yake na uzi ni wake. Kwa hiyo mwisho wa kila mshono wake kulibaki kincha kidogo cha uzi, kimechambuka kama ufagio.

Kaka alikuwa ameshika wembe. Alianza mwisho wa kiti, upande wa mlango wa abiria, akafumua mshono, uzi baada ya uzi, mpaka springi zikatokea. Kifungo alikuwa amepanda kwenye kreti yake. Akaona. Mtoto hakupiga kelele, alisema tu taratibu kwamba hiyo ni ya mama, kisha akakaa chini kwenye nati zake akalia akiwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Watoto wanalia kila siku, lakini kilio cha namna ile sijawahi kukisikia kwa mtoto, kilikuwa cha mtu mzima.

Hapo nikasema potelea mbali. Nikafunga duka mchana kweupe, nikambeba Kifungo nikampeleka kwa Upepo, nikaenda gereji nikafungua mlango wa pikapu. Nikamwambia kaka, twende, unionyeshe huo mtetemo wako, na tukirudi jambo hili linakwisha. Nilikaa katikati, kwa sababu upande wa mlango springi zilikuwa nje. Hakubisha. Alichukua chupa mbili za maji za wazi, nusu nusu, akazichomeka juu ya dashibodi, moja mbele yake, nyingine mbele ya nafasi ya abiria, ili tuone kwa macho. Tukatoka.

Barabara kuu ilikuwa nyeupe. Jua lilikuwa linapiga upande wa abiria, kwenye kile kiti kilichopasuka. Kaka alishika usukani kwa ncha za vidole, kama anavyofanya akisikiliza gari. Sabini. Maji yametulia kwenye chupa zote mbili. Themanini. Yametulia.

Tisini.

Maji ya mbele yake hayakutikisika. Ya upande wa pili yalianza kujikunja.

Nikaweka kiganja juu ya kiti pembeni yangu, upande wa mlango. Kitambaa kilikuwa baridi. Jua liko pale pale, naliona, liko juu ya mkono wangu, na chini ya mkono kuna baridi ya sakafu ya alfajiri. Mkono wangu mwingine, ulioshika kiti upande wa kaka, ulikuwa unaungua.

Nikasikiliza. Mashine ikitetemeka hutetemeka sawasawa, ndiyo maana ni mashine. Huu haukuwa hivyo. Ulikuja, ukakaza, ukaachia. Ukapumzika. Ukaja tena, ukakaza. Kila ukija ulikuwa mdogo kidogo kuliko uliotangulia, kana kwamba unaishiwa nguvu. Nimemuuguza mama yangu mpaka mwisho. Nimemlaza Kifungo kifuani akiwa na homa. Mwili unaotetemeka ninaujua.

 Sikutoa mkono.

"Kaka," nikanong'ona. "Hili siyo gari. Huyu ni mtu anasikia baridi."

Hakuniangalia. Mguu wake ulibaki palepale kwenye mafuta.  Kisha akaanza kusema, macho yake barabarani, kwa sauti ambayo ilibidi nimwinamie.

Akasema siku ile jua lilikuwa hivi hivi. Wifi alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho, na yeye akamfungulia kioo apate hewa. Alikimbiza gari. Walipofika kipande hiki kilichonyooka, akausikia mtetemo kwenye kiti, kutoka upande wa mkewe. Na yeye ni fundi. Kiti ni nyuma au katikati. Kichwa chake kikaenda kwenye shafti, kikabaki huko. Akapunguza mwendo asikilize, akaongeza asikilize, akapunguza tena, kama anavyofanya kwenye gari la mteja, barabara yote hii, mkewe pembeni yake. Alikiri kwamba alishukuru kuwa na kitu cha kusikiliza, kwa sababu ile pumzi yake wifi ilikuwa inamtisha.

"Nikamwambia, vumilia, ni shafti hiyo, kesho nitaiangalia. Akaniambia, sawa, fundi."

Akashika usukani kwa mikono yote miwili. 

"Halafu ukaacha. Mtetemo ukaacha wenyewe. Na mimi nikafurahi, mdogo wangu. Nikasema limetulia. Nikakanyaga mafuta."

Hospitalini, nesi aliyempokea alimshika wifi mkono, akamuuliza kaka kama hawakuwa na kitu cha kumfunika. Na koti lake, koti zito la jinzi ambalo wifi mwenyewe alilitia bitana, kitambaa cha ndani, kwa uzi wa bluu, lilikuwa nyuma ya kiti muda wote. Kunyoosha mkono tu.

Kwa hiyo nikaelewa alichokuwa anatafuta chini ya gari siku zote zile. Angeikuta shafti mbovu, basi kweli ilikuwa shafti, na mkewe alilala tu pale pembeni. Nililia. Nilimlilia wifi na nikamlilia na yeye, na mkono wangu haujatoka kwenye kile kiti, na chini yake ule mtetemo umekuwa mdogo, mdogo, kama ndege ukimshika.

"Simama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akasema akisimama watachelewa. Alisema hivyo, watachelewa, na tulikuwa hatuendi popote. Nikamshika mkono juu ya gia nikamwambia tena asimame, siku ile hakusimama, leo asimame. Akawasha taa ya pembeni, akateremka taratibu kwenye changarawe. Akazima injini.

Kimya. Gari limesimama. Injini imezima.

Maji ya chupa ya upande wa mlango yalikuwa bado yanajikunja.

Kaka aliyaona. Nilimsikia meno yanagongana.  Kioo cha upande wa abiria, kilichokuwa kimeshushwa kidogo, kilianza kushika ukungu kwa ndani, mahali padogo, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeegemea. Kikafifia. Kikashika tena, padogo zaidi.

Kaka akanyoosha mkono nyuma ya kiti. Akavuta lile koti. Lilikuwa limejaa vumbi, halijaguswa tangu siku ile. Akanipita magotini, akalitandaza juu ya nafasi iliyo wazi, akaingiza kingo zake pembeni, huku na huku, kama unavyomfunika mtu usitake kumwamsha. Kisha akanyoosha mkono akapandisha kioo, akakifunga mpaka juu. 

"Haikuwa shafti, mama Kifungo," akasema. "Haikuwa shafti. Nisamehe."

Maji yakatulia.

Sijui tulikaa pale muda gani. Malori yalipita, gari likayumba kwa upepo wao, likatulia. Kaka akawasha, akageuza tukaanza kurudi. Alipandisha mwendo polepole. Themanini. Tisini. Akanitazama. Akaenda mia, na ile pikapu ya marehemu baba ikateleza juu ya lami kama mpya, hakuna mtetemo wa usukani wala wa kiti, hakuna chochote.

"Ameondoka?" akaniuliza.

 Nikamwambia amepata joto. Basi akalia njia nzima, bila sauti, machozi yanaanguka kwenye usukani na yeye anaendesha. Ile shwari ndiyo ilimuumiza. Ule mtetemo alioupiga vita, kumbe ndicho kitu pekee cha mkewe kilichokuwa kimebaki ndani ya lile gari, na sasa amekitengeneza.

Mimi nilikuwa nimechoka hata kuogopa. Nakumbuka tu kwamba pindo la lile koti lilikuwa linanigusa paja na lilikuwa linavutika. Kidogo tu. Linavutwa, linaachwa. Linavutwa, linaachwa. Nikajiambia ni upepo. Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba kioo kilikuwa kimefungwa.

Kifungo alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi kwa Upepo, anakula biskuti. Alipoona pikapu akashuka mwenyewe, akaja mpaka mlangoni, akasimama mbali kidogo kama mtu anayeogopa kukataliwa. Akauliza swali lake lile lile. Kaka akashuka akapiga magoti kwenye vumbi.

"Nimemaliza," akamwambia. "Twende nyumbani."

Akamnyanyua akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Akafungua mlango wa abiria ampakie. Mimi nikamkumbusha springi ziko nje, asimkalishe juu ya chuma. Kaka akainua koti.

Kiti kilikuwa kizima.

Mshono ulianzia ulipoanzia wembe na ukaishia ulipoishia. Mishono miwili miwili, iliyonyooka, huwezi kuona ilipoanza. Ila uzi haukuwa wa kijani. Ulikuwa wa bluu, na mimi nikageuza lile koti nikaangalia bitana yake, pale penye pindo lililokuwa linanigusa paja. Pindo lote lilikuwa limefumuka. Uzi wake haukuwepo.

Upepo alikuwa amesimama nyuma yetu, akarudi kinyumenyume. Kaka hakusogea. Aliweka kidole mwisho wa mshono, kwenye kincha kidogo kilichochambuka kama ufagio, kisha akakitazama kidole chake. Akanipa mkono nami nikagusa. Uzi ulikuwa umelowa. Ulikuwa na uvuguvugu, kama umetoka mdomoni sasa hivi.

Kifungo akauliza kama anaweza kukaa sasa.

Alilala nyumbani kwao siku hiyo, na siku zote tangu hapo. Kaka amerudi kuwa mtu, wateja wanamgombania, na mkono wake unapita kwenye lile dirisha kama zamani. Pikapu haijatetemeka tena. Jumapili anamchukua mwanawe wanazunguka barabara kuu, na Kifungo ananiambia, shangazi, baba akifika pale paliponyooka anapeleka tisini, anaweka mkono kwenye kiti, ananyamaza. Anasubiri kidogo. Halafu anapunguza, wanarudi.

Kile kincha hakuna aliyekikata. Nimepita nacho kiangazi kizima, gari limeshinda juani mpaka kiti huwezi kukigusa kwa mkono mtupu, na kila nikienda kumpelekea kaka chakula namwomba ufunguo nifungue mlango nikiguse. Hakijakauka mpaka leo. Kaka anajua ninachofuata pale, ananipa ufunguo na kuendelea na kazi yake.